Mama Refa na Taulo la Mashine Namba Mbili

Saa tatu asubuhi, Mama Refa anafunika televisheni kwa taulo.

Ni taulo la kuogea, la bluu, limechakaa pindoni. Analitandaza juu ya skrini taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyepitiwa na usingizi. Kisha anavuta benchi na kuketi, akiwa ameipa televisheni mgongo. Chini ya taulo, mashine namba moja inapakua sasisho la gemu mpya ya mpira iliyotoka leo.

Mlangoni wamejazana vijana, shingo ndefu, macho kwenye taulo. Hawaulizi kitu. Katika chumba hiki maswali yote yanaruhusiwa: nani kaiba zamu, nani kavunja padi ya kuchezea, nani kamtukana mwenzake baada ya kufungwa. Hata filimbi ya kuwanyamazisha inaning'inia shingoni mwa mwenye chumba, na ndiyo iliyompa jina. Swali moja tu ni mwiko.

"Imefika ngapi?"

Hilo lilikuwa swali la mwanawe.

Chumba kilikuwa cha kufulia nguo. Mama Refa, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, alifulia watu humo hadi viganja vikakataa sabuni. Mwanawe wa pekee, aliyejulikana mtaani kwa jina la Kasi, ndiye aliyeondoa mabeseni, akapaka ukuta rangi na kuleta mashine mbili za gemu, kila moja na televisheni yake. Mama aliambiwa akae akusanye malipo ya zamu.

"Nilimwambia, baba, mimi hata kuiwasha sijui," anasema. "Akanijibu, mama, wewe watishe tu, kuwasha nitawasha mimi."

Wasiocheza hudhani gemu ni diski: unainunua, unaichomeka, unacheza. Siku hizi diski ni mwanzo wa safari. Gemu ya leo, ikishachomekwa, imedai sasisho la gigabaiti hamsini na nane kabla ya kumruhusu mtu apige hata pasi moja. Kwenye nyumba zenye waya mzuri wa intaneti hiyo ni kazi ya muda mfupi. Hapa, ambapo intaneti inanaswa na antena iliyofungwa juu ya bati, ni kazi ya kuombea.

"Ni sawa na kununua suti, halafu fundi akuambie mikono inafuata," anasema kinyozi wa mlango wa pili, ambaye wateja wake husubiri zamu huku na kunyolewa kule. "Na wewe ushavaa, uko njiani kwenda harusini!"

Vijana wanacheka. Mama Refa anatabasamu upande mmoja wa mdomo, basi.

Siku aliyokufa Kasi ilikuwa siku kama hii. Gemu mpya ya magari ilikuwa imetoka, wateja wamejaa, na sasisho limegoma. Kasi akapanda juu ya bati kuigeuza antena. Mama akabaki chini, mbele ya skrini, akimsomea asilimia ya upakuaji.

"Yeye anauliza kutoka juu, 'Mama, imefika ngapi?' Nami najibu, 'Arobaini na mbili.' Anageuza. 'Sasa?' 'Arobaini na mbili, palepale!' Anageuza tena. Mara nikaiona inapanda. Nikapiga kelele kwa furaha: inakwenda, baba, inakwenda! Shuka!"

Anaokota uzi kwenye sketi yake, anautupa.

"Akashuka. Ila si kwa ngazi."

Walimkimbiza hospitali kwa gari la muuza maji, kinyozi akiwa amempakata kichwa mapajani. Hakufika akiwa hai. Jioni, mama aliporudi nyumbani kuchukua shuka, alikuta chumba kiko wazi, mashine inawaka, na maandishi makubwa kwenye skrini: upakuaji umekamilika.

"Hakuna aliyeniudhi duniani kama ile televisheni," anasema.

Gemu ile ya magari aliagiza ifutwe wiki hiyohiyo ya msiba. Chumba alitaka kukifunga pia, lakini njaa haikumpa nafasi. Viganja vyake haviwezi tena kufua, na hana mtoto mwingine wa kumtegemea. Alifundishwa kuwasha mashine na wateja wenyewe. Taulo ni wazo lake: asizione namba zikipanda.

Mashine namba moja inamaliza kabla ya adhuhuri. Vijana wanaingia kwa kelele, benchi linajaa. Lakini mashine moja inachukua wawili tu kwa wakati mmoja, na waliobaki wameanza kuangalia upande wa pili wa barabara, ambako mwezi uliopita kulifunguliwa ukumbi wenye mashine sita na waya wa kasi.

"Mama, wa kule wameshaanza kucheza tangu asubuhi," anasema mmoja.

"Nenda basi. Si una miguu?"

"Kule hakuna refa, mama. Wanaibiana zamu hadharani."

"Kwa hiyo unanipenda au unaniogopa?"

"Vyote. Lakini njaa ya gemu nayo inauma."

Kila mtu humu anajua tatizo liko wapi. Mashine namba mbili nayo imechomekwa diski, nayo imetoa jibu lake: nafasi haitoshi. Mama Refa ameshafuta gemu ya ngumi. Ameshafuta ya mbio za pikipiki. Imebaki moja, gemu ya mpira ya zamani, na hiyo hakuna mteja aliyewahi kuruhusiwa kuigusa.

Humo ndani mna timu aliyoitengeneza Kasi kwa mkono wake. Inaitwa Timu ya Uani. Kinyozi ni beki wa kushoto. Muuza maji yuko kiungo. Mshambuliaji, jezi namba tisa, ni Kasi mwenyewe. Na golini, jezi namba moja, amesimama mtu mrefu mwenye ndevu, mgongoni ameandikwa MAMA.

"Nikamuuliza, baba, ndevu za nini? Akasema, mama, hizo ndizo zinazowatisha washambuliaji."

Wakati wa kuchagua timu, alama ya padi ikiachwa katikati bila kupewa upande, mashine hucheza yenyewe pande zote mbili. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, Mama Refa hucheza mechi moja namna hiyo, yaani huitazama. "Wakati huo tunakuwa kazini wote wawili," anasema.

Gemu hiyo haina diski. Kasi aliinunua mtandaoni kwa akaunti yake, na fundi wa mashine alishasema wazi: ikifutwa, kuirudisha kunahitaji nywila, na nywila Kasi alikwenda nayo kaburini. Kifaa cha kuongeza nafasi kipo madukani. Bei yake ni mapato ya chumba hiki ya miezi mitatu.

Vijana wawili wanavuka barabara. Kisha watatu.

Mama Refa anasimama, anakaa mbele ya namba mbili. Anaiwasha Timu ya Uani. Chumba kinatulia; hata wanaocheza namba moja wanasimamisha mchezo wao. Kwenye skrini Kasi anakimbia, anapiga, mpira unagonga mwamba. Dakika za mwisho wapinzani wanapenya katikati. MAMA anaruka, anaukosa. Moja bila.

Kinyozi amesimama mlangoni, mashine ya kunyolea mkononi.

"Kipa hana kosa hapo, dada," anasema kwa sauti ya chini. "Ni sisi mabeki."

Mama Refa anaishika tena padi. Anaitafuta sehemu ya kufuta. Mashine inauliza kama ana uhakika.

"Hata haya haioni," anasema, na kubonyeza.

Sasisho linaanza. Kijana mmoja anamletea taulo. Analipokea, analiweka begani, na kuliacha hapohapo. Anaangalia namba zikipanda, polepole, mpaka mteja wa kinyozi, mgeni asiyejua mwiko, anachungulia na kuuliza imefika ngapi. Wote wanageuka kumtazama.

"Arobaini na mbili," anajibu Mama Refa. "Inakwenda."

Anasema akishajifunza kushika padi vizuri, ataitengeneza timu upya katika gemu hii mpya, mtu kwa mtu, na kinyozi atamnyang'anya ile nafasi ya beki. Jezi namba tisa ataivaa yeye mwenyewe, na ndevu zake.

"Kasi namweka golini," anasema. "Safari hii abaki chini, nimwone."