Kisanduku cha Ronge

Siku moja, nikiwa bado afisa wa kilimo, mkuu wa ugani pale Voi aliniwekea mezani kisanduku cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni. Miaka yote nilikuwa nimewafundisha wakulima kwa makaratasi na mdomo wangu tu.

"Mama Mghoi," akasema, "humu mna video za kilimo na mifugo, kwa Kidawida na Kiswahili. Kinatoa mawimbi yake chenyewe. Simu iliyo karibu inazichukua bila netiwaki, bila bando."

"Bila bando? Basi zinatoka wapi, bosi?"

"Zimehifadhiwa humo ndani, kama mahindi ghalani. Kipeleke Ronge, kule milimani."

Sikuamini. Kule nilikokuwa nikienda, mtu hupanda mlima ndipo apige simu. Nilikiwasha kwa betri ya sola uani kwa Wakesho, mjane mwenye ng'ombe mmoja, majirani wakakusanyika. Hata somo la kwanza halijaisha, ng'ombe akaanza kuhema, ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma. Asubuhi alikuwa amevamia maharagwe mabichi.

"Mpigieni daktari wa mifugo!" Wakesho akalia.

Wapi! Hakuna simu iliyoshika. Jirani mmoja akapanda bodaboda kumfuata. Mimi ni mtu wa mazao, ng'ombe siwajui.

"Si umesema mna mifugo humo?" Wakesho akaniambia. "Tafuta!"

Nikatafuta, nikapata: kufura tumbo. Sauti ya mama mmoja ikatoka simuni kwa Kidawida, taratibu kabisa. Msimamishe, miguu ya mbele iwe upande wa juu. Mnyweshe mafuta ya kupikia kidogo kidogo asipaliwe. Msugue ubavu. Wakesho akafuata neno kwa neno, machozi yakimtoka. Kisha tukangoja.

Ng'ombe akabeua kwa kishindo. Akabeua tena. Mzee mmoja akavua kofia, akakitazama kile kisanduku kama mtu aliyeingia kanisani.

Daktari alipofika alipapasa ubavu, akatikisa kichwa. "Mmenimalizia kazi," akasema.

Sasa nimestaafu. Nyinyi vijana wa ugani mmezoea vitu hivi, mimi bado vinanishangaza. Mama yule alirekodiwa sijui kijiji gani, na sauti yake ikatufikia kabla ya daktari. Natamani nimpate siku moja, nimwambie kwamba ng'ombe wa Wakesho alizaa.