Kitufe cha Ardith Tolliver

Kwa miaka thelathini na mmoja Ardith Tolliver aliwapikia watoto wa shule ya Dillard Fork, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu bondeni aliyemwita dereva. Waliomsifu walisifu pai yake ya haklberi, tunda dogo la porini. Sifa za kuendesha zilikuwa za mumewe, Merle, aliyewaongoza farasi wa kuvuta mizigo katika maonyesho ya wilaya kila Agosti hadi alipofariki.

Merle alikuwa bingwa wa farasi. Wa magari hakuwa. Mwaka wa tisini na nne alipandisha mlima Sourdough akivuta trela la nyasi kavu, akaunguza giaboksi ya pikapu yao mpya, na familia ikala maharage majira yote ya baridi. Usiku mmoja Merle akiwa amelala, Ardith alikitoa kile kitabu kidogo kinachokuja na gari, ambacho hakuna mwanamume wa Dillard Fork aliyewahi kukifungua, akakisoma mezani jikoni kuanzia jalada hadi jalada. Ndipo alipojua kazi ya kitufe kilicho kwenye ncha ya mkono wa gia.

Kitufe kile hufunga gia ya nne, ovadraivu, isitumike, na kuifungua tena. Katika gia hiyo injini huzunguka kwa utulivu huku magurudumu yakikimbia, na petroli haiishi haraka. Lakini ni gia ya barabara tambarare na mzigo mwepesi. Mlimani, ukiwa na trela zito, giaboksi hubabaika kati ya gia ya tatu na ya nne, inapanda, inashuka, inapanda tena, mpaka mafuta yake yanaungua. Ardith alilishika somo hilo kama alivyoshika kipimo cha chumvi.

Mwaka wa pili wa ujane wake alijiandikisha kwa jina lake mwenyewe katika mashindano ya kuvuta ya maonyesho hayo, ng'ambo ya mlima Sourdough, kuwaongoza Otis na Pearl, farasi wawili wa Merle, kila mmoja akikaribia uzito wa tani. Garland, mdogo wake Merle, aliisikia habari hiyo akiwa na uma mdomoni.

"Shemeji," alisema, "mizani ya farasi inafungwa saa sita kamili. Asiyepimwa havuti. Na hiyo pikapu yako ina umri wa kuolewa."

"Basi niiache iolewe, mimi niende na wewe?"

"Nipe farasi niwapeleke mimi. Na niwaongoze mimi. Ndivyo Merle angetaka."

"Merle aliunguza giaboksi, Garland."

Garland alicheka, lakini kidogo. Mwisho walipatana hivi: Ardith angewasafirisha farasi mwenyewe kwa trela lake, na Garland angebeba mikanda na kola zao za shingoni pamoja na ndama wake wawili wa kuuza. Ardith akichelewa mizani, Otis na Pearl wangehamia zizi la Garland. Ardith alimpa mkono. Usiku huo hakulala vizuri.

Jumamosi waliondoka saa tatu kasoro robo. Kwenye tambarare ya mto, Garland alimpita akipiga honi, kofia nje ya dirisha.

"Utatukuta tunakula chakula cha mchana!" alipaza sauti.

Mlima ulipoanza kuonekana, kabla hata barabara haijainuka, Ardith alibonyeza kitufe. Taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka kwenye dashibodi kuonyesha kwamba gia ya nne imefungwa. Injini ikapandisha sauti, ikatulia hapo. Alipanda kwa maili thelathini na tano kwa saa. Nyuma yake foleni ya magari ilirefuka. Kijana mmoja alimwonyesha saa yake ya mkononi alipompita. Ardith alimpungia mkono kama anayemgawia mtoto sahani. Mdharau mwiba mguu huota tende, alijisemea, ingawa moyoni alihesabu dakika.

Theluthi mbili za mlima, harufu ilimfikia kwanza: sukari iliyoungua. Kisha akaliona gari la Garland pembeni, na chini yake dimbwi jekundu la mafuta ya giaboksi.

"Usiseme kitu," Garland alisema.

"Nimesema nini?"

"Unataka kusema."

"Ulikuwa umefunga ovadraivu?"

Garland alilitazama lile dimbwi. "Ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Nikadhani inajirekebisha."

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Jirani aliyekuwa kwenye foleni, mwenye trela tupu, alikubali kuwachukua ndama. Ardith alizima injini, wakahamisha mikanda na kola haraka, jasho likiwatiririka wote wawili. Garland alipanda kiti cha abiria, akaweka kofia magotini. Ardith akawasha gari na kuondoka, macho yake kwenye saa.

Hatua mia mbele, giaboksi ikasita.

"Shemeji," Garland alisema kwa sauti ndogo, "taa yako imezimika."

Alikuwa sahihi. Ukizima injini, kitufe husahau amri yako. Ukiwasha, gia ya nne huwa wazi tena. Ardith alibonyeza. Taa ikawaka.

"Asante."

"Nilikuwa nimeiona ikiwaka uliposimama," alisema Garland.

Kileleni wakaanza kushuka. Garland alinyoosha kidole kuelekea kitufe, kisha akakirudisha. "Hapa je? Tunashuka, hakuna cha kuvuta."

"Mzigo unatusukuma sasa. Ikiwa imefungwa, injini inatushika. Ukiifungua, breki ndizo zitakazolia."

Walishuka bila harufu yoyote.

Bi Nyquist wa mizani alikuwa ameshika kamba ya lango aliposikia kwato. Otis na Pearl walipanda jukwaani saa sita kasoro dakika nane.

"Mwongozaji nani?" Bi Nyquist aliuliza, kalamu juu ya karatasi, akimtazama Garland.

Garland alivua kofia. "Usinitazame mimi. Huyo hapo. Ardith Tolliver. Na andika vizuri, herufi mbili za L."

Alasiri ile Otis na Pearl walivuta uzito wa pauni elfu nane na kushika nafasi ya pili. Watu wa Dillard Fork walisimama juu ya mabenchi. Mpishi wao wa shule alishika hatamu kwa mikono miwili, kidevu juu, na hakutabasamu mpaka farasi waliposimama.

Jioni, wakirudi, walivuka tena mlima, taa ya chungwa ikiwaka. Chini, bonde likafunguka mbele yao.

"Sasa?" Garland aliuliza.

"Bado. Bado kuna kile kilima cha darajani."

Kilima cha darajani kikapita. Barabara ikanyooka kama uzi, lakini trela bado lilikuwa na farasi wawili ndani, na Ardith hakugusa kitu. Walipofika zizini kwake waliwateremsha Otis na Pearl, wakalifungua trela kutoka kwenye pikapu. Zilibaki maili kumi na mbili tambarare hadi nyumbani kwa Garland.

Pikapu ilishika mwendo, nyepesi, maili hamsini kwa saa. Garland alimtazama tu.

"Sasa," Ardith alisema. "Bonyeza wewe."