Mkono Wangu Ulibaki Macalder

Wenzangu, naitwa Rose Akinyi. Tumeajiriwa pamoja wiki hii, sisi watano, katika kituo hiki cha utafiti cha chuo kikuu hapa Homa Bay. Nyinyi mtaunda mikono na miguu ya bandia. Mimi nitaijaribu mikono kabla haijapewa wagonjwa. Tumeambiwa kila mtu ajitambulishe, basi nisikilizeni.

Nilikuwa nasaga mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya Macalder. Gunia zima nililibeba peke yangu. Asubuhi moja mkanda wa mashine ulinasa mkono wa sweta yangu, ukavuta. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia uchungu. Walipozima mashine, vidole vilikuwa vinaning'inia kwa ngozi tu.

Hospitalini kidonda kikaoza. Usaha ulitoka wa kijani, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba ahamishwe kwa sababu ya harufu yangu. Daktari akafungua bendeji, akasema, "Mama, tukiuacha huu mkono utakufa nao. Tunakata juu ya kiwiko."

Mume wangu, Odongo, alikuja siku ya tatu. Hakuketi. "Huo ndio ulikuwa mkono wa kusonga ugali," akasema. "Sasa mimi nikufanyie nini?" Nilipotoka wodini nilikuta mwanamke mwingine jikoni kwangu, amejifunga leso yangu.

Nikarudi Sindo kwa mama. Aliniosha kidonda kila siku, hata siku nilizomtukana.

Wafadhili fulani wakanipa mkono wa bandia, mweupe, mzito, wa mwanamume. Ulinichubua hadi damu. Fundi wao akacheka. "Shukuru, mama, umepewa bure. Utazoea." Niliutupa chooni.

Mtafiti wa hapa, Dakta Moraa, alinikuta sokoni nikipara samaki, nimeukanyaga mkia kwa mguu. Hakuuliza nilikatwaje. Aliuliza, "Unaumia wapi?" Nikamwonyesha. Miaka miwili nilijaribu mikono yake, nikikataa mmoja baada ya mwingine. Huu nilio nao ni wa tisa. Unashika kisu.

Jana askari wa getini aliniambia wagonjwa wapitie nyuma. Nikamwonyesha kadi ya kazi. Akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza ni ya nani.

Nashukuru Mungu, nashukuru mama yangu, na Dakta Moraa. Mkimjua mtu aliyekatwa kiungo, mwambieni kitu kinachomuumiza akikatae, hata kama kimeletwa kwa huruma. Nanyi wenzangu, nikisema mkono unauma, msinieleze vile mliupima. Nivueni huo mkono.