Mwanamke Aliyemfundisha Binti Yangu Kusikia

Niseme ukweli: yule mwalimu wa kinanda nilimwonea wivu tangu wiki ya tatu. Wiki mbili za kwanza nilimpelekea samaki, sato.

Binti yangu alizaliwa hasikii. Alipofika miaka minne alipasuliwa, akawekewa kifaa ndani ya sikio, na kingine cha kunasa sauti kikakaa nje, nyuma ya sikio. Mtaalamu wa usikivu akanieleza kwamba kifaa kinaleta sauti tu. Kuzichambua ni kazi ya ubongo, na muziki ungemsaidia mtoto kujifunza kazi hiyo. Ndipo nikampata mwalimu huyo, mstaafu wa chuo cha ualimu Butimba, mjane wa Kihaya aliyefundisha kwaya maisha yake yote. Kila Jumamosi tulitoka kwetu Buhongwa kwenda barazani kwake.

Alikuwa anamgeuza mtoto uso ukutani, anabonyeza noti mbili, anauliza, "Ipi iko juu?" Miezi ikapita. Binti yangu akaanza kuniambia kwamba jokofu linaimba chini na kunguru anaimba juu. Tukikaribia kwa mwalimu, akikohoa tu ndani, mtoto anatabasamu na kunivuta mkono. Mimi niliyembeba mgongoni hospitali hadi hospitali nikawa msindikizaji. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kuhusu kufundisha noti hawakusema kitu.

Nyumbani tulikuwa na namna yetu. Tangu akiwa mchanga nilizoea kumwambia mambo kwa midomo tu, polepole, bila kutoa sauti. Sauti ya nini kwa asiyesikia? Na cherehani yangu ilikuwa inanguruma kutwa. Baada ya upasuaji mtaalamu alinionya niache, niongee naye kwa sauti. Sikuacha. Tulielewana, na moyoni nilisema mwalimu abaki na kinanda chake, midomo hii ni yangu.

Jumamosi moja mwalimu akaleta mchezo mpya. Mtoto aangalie ukuta, sisi watu wazima tusimame nyuma yake, kila mmoja kwa zamu aseme, "Leo ziwa limetulia," naye ataje aliyesema. Mkwe wa mwalimu akasema, akatajwa. Jirani muuza mkaa akasema, akatajwa. Mwalimu akaikwaruza sauti yake makusudi, mtoto akacheka.

"Mwalimu, unanidanganya. Ni wewe."

Niliuma meno. Hata akijificha anamjua.

Mwalimu akanipa ishara. Nikajiweka sawa, nikasafisha koo, nikasema kwa sauti niliyoamini ni tamu kuliko zao zote, "Leo ziwa limetulia."

 Mtoto akainamisha kichwa upande wenye kifaa. Nikarudia, taratibu zaidi. Muuza mkaa akaanza kukung'uta gauni lake. Mwalimu alikuwa anaangalia sakafu. Hakufurahi hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko kama angecheka.

"Huyu simjui," binti yangu akasema, uso bado ukutani. Kisha, kwa kuwa nimemlea na adabu mbele ya wageni, akaongeza, "Shikamoo."

Wote wakanitazama. Mtoto alikuwa anasubiri.

"Marahaba," nikamwitikia.