Rangi ya Nguo kwenye Mahindi ya Mama Neema

Bado naona haya kupita kwa Mama Neema, jirani yangu hapa Mutuka. Ni mjamzito, na alikuwa amechanganya dawa ya kuua wadudu wa mahindi kwa mikono mitupu. Mimi niliyesomea kemia nikajitia mtaalamu, nikaandika jina la dawa kwenye programu ya kompyuta inayokisia kama kemikali inaweza kuharibu vinasaba. Jibu likaja jekundu: hatari! Nikamkimbilia, nikamwambia mbele ya mama mkwe wake. Akashika tumbo, akalia.

Nikampigia mwalimu wangu wa chuo, nikamweleza, nikaweka spika wote wasikie.

“Nisomee jina lililo kwenye kopo,” akasema. Nikasoma.

“Sasa nisomee ulilojaza kwenye kompyuta.”

Nikaanza kusoma, kisha nikatazama tena kopo. Majina yalifanana mwanzo tu. Kompyuta ilinipendekezea moja, nikabonyeza bila kutazama.

“Hiyo ni rangi ya kutia nguo,” akasema. “Dawa yenu nimeiingiza hapa sasa hivi, haionyeshi dalili ya kuharibu vinasaba. Ila siku nyingine avae glavu.”

Nilishusha pumzi. Mama Neema akacheka huku machozi yakimtoka. Mama mkwe wake akanigeukia taratibu: “Mwanangu, kumbe huko chuoni hawakukufundisha kusoma?”