Kaburi la Kwanza Ukiingia Mlangoni

Wiki iliyopita nilikwenda Wandegeya kutoa kopi ya cheti, nikamkuta kijana wa chuo anachapisha kitabu kinene cha masheikh na wanazuoni wa zamani. Mimi na shule yangu ya kuungaunga nikajitia ujasiri: "Kaka, shehe wetu wa Old Kampala yuko ukurasa gani?" Nikamtajia jina. Akatafuta weee, hayumo. Nikaangua kicheko mpaka mwenye mashine akageuka. Kwa sababu, ndugu yangu, hata sisi wenyewe tulimpoteza mzee yule, tena akiwa kaburini.

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, nyuma ya maduka ya pale Old Kampala. Wazee wake walipanda kutoka pwani na misafara ya biashara, na shehe alikuja pamoja nao. Aliwafundisha watoto Kurani, akawaandikia barua wasiojua kuandika, na alipokaribia kufa akausia kaburi lake lisijengewe wala lisiandikwe kitu. Kwa hiyo lilijulikana kwa mdomo tu. "La kwanza ukiingia mlangoni," bibi aliambiwa na mama yake walipokuwa wamekimbia vita, kabla yeye mwenyewe hajawahi kuingia makaburini, na akamwapia kwamba dua ya Alhamisi haitakatika akiwa hai.

Basi kila Alhamisi baada ya alasiri tulibeba mafagio mpaka makaburini, kwenye ua uliopakana na nyumba yetu, naye akabeba beseni la kabalagala, zile za ndizi na unga wa muhogo, bado zinachuruzika mafuta. Tulifagia, kisha tukasoma Yasini kwa sauti ya kupasua mapafu, maana shehe, bibi alisema, alipenda sana sauti za watoto. Sema ukweli, sisi tulipigania kabalagala, si shehe: aliyesikika zaidi alipewa mbili. Jirani yetu, mama wa Kikongo aliyeuza vitenge na kuimba kwaya kanisani, alisimama nje ya ua akitupa alama. "Leo munasoma muzuri! Lakini ule wa nyuma anapoteza sauti." Naye alipata yake.

Tukimaliza, bibi alibaki akimweleza shehe mambo yake: magoti, ndoa ya mjomba, hesabu zangu zilizokuwa hazipandi.

Alhamisi moja, mzee mmoja wa Kibuli akashuka kwenye boda boda, kofia kaishika mkononi isipeperuke. Aliwahi kuwa mwanafunzi wa shehe, kisha vita vikamkimbizia Kenya, na ndiyo kwanza alikuwa amerudi. Alitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Mnamsomea nani?"

"Shehe," bibi akasema, kifua mbele.

"Dada yangu, shehe nilimchimbia kwa mikono hii. Yuko kule mwisho."

"La kwanza ukiingia mlangoni!"

"Mlango upi? Mlango ulikuwa upande wa kule."

Bibi akageuka kuutazama mlango. Vita vilikuwa vimeangusha ua wote, na aliporudi kutoka ukimbizini ni yeye mwenyewe aliyewaambia mafundi waweke mlango upande wa nyumba yetu, asizunguke na magoti yake.

"Na huyu ni nani?" bibi akauliza, akilinyooshea kidole kaburi tulilokuwa tumelisomea.

"Huyu? Fundi saa. Alikaa ukuta mmoja na madrasa. Hakupenda kelele kabisa. Tukianza tu kusoma, anatumwagia maji kwa dirisha."

Banange! Mama wa vitenge alishikilia ua asianguke. "Mama weee! Miaka yote munapigia kelele mutu mwenye hakupenda kelele!"

Tulicheka sote, isipokuwa bibi. Alikaa chini, palepale kwenye vumbi. "Sasa dua zangu zote zimekwenda wapi?"

Yule mzee akachutama mbele yake. "Dada, shehe anasomewa na wanafunzi wake mpaka Kibuli. Huyu hakuacha mke wala mtoto. Asingekuwa wewe, nani angemsomea?"

Bibi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akaligeukia lile kaburi. "Na wewe," akaliambia, "ulisikia habari zote za magoti yangu, ukakaa kimya!" Ndipo akacheka.

Tangu siku hiyo tulikuwa na vituo viwili. Kwa shehe tulisoma kwa sauti yetu yote, na kwa fundi saa tulinong'ona, na pale kabalagala mbili zilikwenda kwa aliyekuwa mpole kuliko wote. Mimi sikuwahi kuzipata.

Bibi hayupo tena. Ua haupo, na beseni sijui liliishia kwa nani. Pale pamesimama jengo la maduka, na mlangoni kuna spika kubwa inanadi simu kutwa nzima. Kwa shehe sina wasiwasi, huenda anadhani ni watoto. Ninayemwonea huruma ni yule fundi saa. Nikipita Alhamisi nasimama karibu na ile spika, namsomea polepole, midomo tu ikicheza.