Piano ya Kifungua Mimba

Mshona mapazia mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, alikuwa na vyumba viwili na piano. Tukisema ukweli, piano ndiyo iliyokuwa na vyumba viwili. Yeye alikuwa mpangaji wake. Babu aliinunua ikiwa imeshazeeka, baba akairithi, na baba alipofariki, kikao cha ukoo kikamkabidhi kaka mkubwa kwa kuwa ndiye kifungua mimba. Kaka alitoa machozi ya heshima, akashukuru, kisha akamwomba dada yake amtunzie kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo sasa zilikuwa na miaka sita.

Si kwamba kaka alikosa nafasi, la hasha. Sebule yake mtu akisimama mlangoni na mwenzake dirishani, bora wapigiane simu. Ila kila alipokumbushwa kulikuwa na zulia jipya linasubiriwa, au rangi ya ukuta haijakauka. Rangi gani hiyo ya miaka sita, Mungu ndiye ajuaye.

Mama Pazia alivumilia. Alikunjia mapazia juu ya piano, akaweka pasi na kopo la pini. Lakini mwezi huu mama yao, aliyekuwa akiishi peke yake, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Daktari alisema atatoka Ijumaa, hataweza kukaa peke yake tena, na kitanda chake kiwe karibu na choo. Nafasi pekee ya kitanda hicho ndipo piano ilipojikalia kama mgeni asiyejua kuaga.

Basi akahangaika kuitafutia makao. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliipokea kwa mikono miwili, kwa maneno, kisha akauliza kama itakuja na mwalimu wa kuipiga na fundi wa kuitengeneza, maana vibonyezo kumi na vitatu vilikuwa bubu. Kiongozi wa kwaya alisema wao wana kinanda cha umeme, chepesi, tena hakiliwi na mchwa. Seremala ndiye aliyekuwa muungwana. Aligonga ubavu wa piano, akasema mbao ni safi, zitatoa kabati mbili.

Habari za kabati zilimfikia kaka, naye akapiga simu papo hapo, kwa mara ya kwanza tangu mama alazwe. Piano ile ni uti wa mgongo wa ukoo, akasema. Haiuzwi, haigawiwi, haipasuliwi. Na kuja kuichukua je? Aa, hilo wataongea.

Haya. Mama Pazia alimjua kaka yake: faraghani mkono wa birika, mbele za watu mkarimu kupindukia. Alhamisi mchana, kaka akiwa amewaalika wakubwa wa kazini kwake kwa chakula, wabeba mizigo wanne waliingia sebuleni wakihema, uti wa mgongo wa ukoo ukiwa mabegani mwao. Kaka akatoa macho. Wageni, kwa kudhani ni sehemu ya shughuli, wakapiga makofi. Hapo hakuwa na budi. Alisimama, akakohoa, akahutubia. Alisema ameililia piano hii kwa miaka, na kwamba kilicho cha wazazi mahali pake ni kwa kifungua mimba. Bosi wake akafuta jicho.

Dada mtu, aliyeingia nyuma ya wabeba mizigo, uzi ungali begani, alingoja makofi yaishe.

"Ahsante, kaka," alisema. "Na mama anatoka kesho. Nimlete saa ngapi?"

Kaka aliangalia zulia, akaangalia wageni, kisha akaweka mkono juu ya piano.

"Mdogo wangu, ningependa sana," alisema. "Lakini si unaona mwenyewe, nafasi imekwisha."

Mama Pazia hakuwa na nia ya kumpa mtu yeyote mama yake; kitanda kilikuwa kimeshatandikwa tangu asubuhi. Alitaka tu jibu lile litamkwe mbele za watu, asije akajidanganya tena kwamba kaka yake ana shughuli nyingi. Aliposikia, lilimuuma kuliko alivyotarajia.

Kesho yake mama alilazwa pale piano ilipokuwa imesimama. Kabla hata ya kuomba maji, aliuliza kama mwanawe wa kwanza anakula vizuri siku hizi.

"Anakula, mama," Mama Pazia alimjibu, akimwekea mto. "Jana nimemkuta mezani."